Jina la Bi Lovina Ubaoni

Kila siku, saa sita kamili mchana, mwenye baa ya Farasi wa Kijivu hutoka barazani na kupiga kengele ya mkono mara tatu. Haijalishi kama kuna mteja. Haijalishi kama theluji imefika madirishani. Kengele ikilia, mlango uko wazi, moto uko mekoni, na kipo kitu cha moto cha kumpa msafiri. Ndivyo kilivyosema kibali cha kwanza, mwaka 1741, Connecticut ilipokuwa bado koloni la mfalme wa ng'ambo, na ndivyo watu wa Wexcombe wanavyohesabu umri wa nyumba ile. Hawahesabu mbao, maana mbao zimebadilishwa mara nyingi. Wanahesabu kengele.

Lovina Thrall alikuwa ameipiga miaka ishirini na mmoja bila kukosa hata siku moja. Aliipiga akiwa na homa ya kumtetemesha meno. Aliipiga siku aliyomzika Everett, mumewe: alitoka makaburini na gauni lake jeusi, akavuka uwanja wa kijiji, akapiga mara tatu, akarudi kaburini alikokuwa akisubiriwa. Wapo waliosema mama yule ana moyo wa jiwe. Waliomjua walisema ana neno lake.

Neno lake alilitoa akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, asubuhi walipomtoa baba yake kwenye mfereji wa kinu cha nafaka, amekufa maji, na chupa bado mfukoni. Aliapa kwamba tone la kileo halitagusa ulimi wake. Halikugusa. Na maisha yana mzaha wake, maana mtu huyu huyu, alipofika miaka kumi na tisa, kazi pekee aliyoipata ni kuosha vyombo katika baa.

Mzee Asa Thrall, mwenye nyumba wakati huo, alimwuliza siku ya kwanza, "Binti, unaichukia pombe?"

"Naichukia, mzee."

"Vizuri. Baa haiharibiwi na pombe. Inaharibiwa na mwenye baa asiyejua kusema basi. Shika aproni."

Alishika aproni, akaolewa na mwana wa mzee, na wote wawili walipokufa akabaki na nyumba peke yake: apike, amimine, apige kengele.

Sasa ni lazima niseme habari za ubao. Zamani za koloni, wazee wa mji walikuwa na desturi ya kubandika ndani ya baa majina ya walevi, ili mwenye nyumba asiwape kinywaji. Kwingine desturi hiyo ilikufa kitambo. Pale Farasi wa Kijivu haikufa. Kando ya meko unaning'inia ubao mweusi, chaki imefungwa kwa uzi, na juu yake yamechorwa kwa rangi nyeupe maneno ambayo kila mtoto wa Wexcombe anayajua: aliyeandikwa hapa asimiminiwe kileo, mwenye nyumba akimmiminia, naye ajiandike, asiguse kengele, meko wala kaunta siku saba, na nafasi yake aishike mtu ambaye jina lake halijawahi kuandikwa, na hakuna anayejifuta mwenyewe.

Wageni hucheka wakiusoma. Wenyeji nao hucheka, lakini hakuna aliyewahi kumwomba Bi Lovina amfute kabla ya siku zake. Kozlowski wa posta aliwahi kuandikwa kwa kucheza ngoma juu ya meza, na mwenyekiti wa baraza la mji aliandikwa wiki ya uchaguzi wake. Kwa kweli, katika wote waliozoea kukaa mle ndani, hakuna aliyebaki safi.

Maili sita kutoka hapo, katika mji wa Pomfrey, kuna baa nyingine ya kale, ya mwaka 1752, mali ya Roscoe Dimock. Dimock alikuwa na shauku moja duniani: siku kengele ya Wexcombe itakaponyamaza, yeye aandike juu ya mlango wake kwamba ndiyo baa ya kale kuliko zote bondeni ambayo haijawahi kufungwa. Kila Krismasi alimtumia Bi Lovina kadi yenye swali moja, "Afya yako vipi, dada?" Na Bi Lovina alimjibu kila mwaka, "Nzuri kuliko yako."

Vuli ya mwaka 1987, jina lililokuwa ubaoni lilikuwa la Orrin Beckley, fundi wa kuta za mawe, na alikuwa ameomba kuandikwa mwenyewe. Jambo hilo halikuwa limetokea Bi Lovina akiwa mwenye nyumba. Orrin alisimama mbele ya kaunta mwezi wa tisa, kofia mkononi, akasema, "Bi Lovina, niandike mwaka mzima. Binti yangu Janice amesema nikifika Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, bila kulewa, ataniletea mjukuu wangu mezani. Hajawahi kumleta nyumbani kwangu."

Bi Lovina alimwandika. Tena alimfanyia jambo la wema. Matufaha yalipokamuliwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi, alijaza gudulia moja la juisi tamu, akaliweka peke yake kwenye rafu ya nyuma ya dohani, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtu, akasema, "Hili ni la Orrin." Kila Jumamosi Orrin aliketi na Phil na wenzake wengine wenye bia, naye akanywa kikombe cha juisi. Zilipita siku arobaini. Kijiji kizima kilimsifu Bi Lovina kwa kumponya mtu yule, naye, sitaficha, alizisikia sifa hizo kwa raha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakutia maji, lakini kuna jambo aliliacha.

Aliacha kuonja. Mtu yeyote aliyekua kwenye minazi anajua tembo la asubuhi si tembo la jioni. Juisi ya tufaha nayo ni hivyo hivyo: ikikaa kwenye baridi ya ghala chini ya nyumba hubaki tamu, ikikaa kwenye joto huchacha na kuwa pombe kali, na rangi isibadilike. Wenye baa wote wa bonde lile huonja kila gudulia kabla ya kumimina. Bi Lovina hakuonja hata siku moja, kwa sababu ya kiapo chake. Miaka yote aliliamini ghala lake, na ghala halikumwangusha. Ila gudulia la Orrin halikuwa ghalani. Lilikuwa nyuma ya dohani, na moto wa meko ulilipasha joto polepole mchana na usiku.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo Orrin alikunywa vikombe vitatu. Saa tisa alasiri aliingia ndani ya pikapu yake, na kabla ya kufika darajani akauvamia ukuta wa makaburi, ukuta alioujenga kwa mikono yake mwenyewe. Alipasuka paji la uso. Kozlowski aliyemtoa alirudi baani akitikisa kichwa.

"Ananuka pombe, Bi Lovina. Ananuka kama pipa."

Mmoja wa waliokuwa mle ndani akasema, "Nilijua. Mbwa ataacha vipi kurudia matapishi yake?" Wengine wakacheka. Bi Lovina hakucheka. Aliona uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na hasira ya mtu aliyeaibishwa.

Jumapili asubuhi alikwenda nyumbani kwa Orrin ili akamseme. Alimkuta jikoni, kichwa kimefungwa bandeji, mbele yake kikombe cha kahawa ambacho hakikuguswa.

"Arobaini, Orrin. Siku arobaini! Ulikificha wapi, kwenye buti?"

"Sikuficha kitu."

"Usinidanganye mimi. Nimelelewa na mlevi."

"Bi Lovina, jana sikunywa kitu ila ulichonimiminia wewe." Halafu Orrin akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilitambua kwenye kikombe cha pili. Nilitambua, na nikaomba cha tatu. Kwa hiyo nusu ni yangu. Nenda zako nyumbani. Nimeshamwambia Janice ni chupa yangu."

Alirudi kwa miguu, haraka. Kozlowski alikuwa barazani akipasua kuni, maana Jumapili posta haina kazi. Bi Lovina aliliteremsha gudulia, akalifungua. Kizibo kililia na povu likatoka. Alilinusa. Harufu ile aliijua tangu mfereji wa kinu.

"Kozlowski, onja hii."

Kozlowski alipiga funda moja, macho yakamtoka. "Mama yangu! Hii unaweza kuwashia trekta."

Bi Lovina alikaa kitako kwenye benchi. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Kozlowski hakuwa mjinga. Alitazama gudulia, akautazama ubao, akaelewa. Alikwenda kuufunga mlango wa jikoni. "Nisikilize, Bi Lovina. Tuimwage hii. Orrin mwenyewe hasemi. Mimi sijaonja kitu, ulimi wangu umekufa tangu jeshini."

"Na Janice?"

"Janice atapoa. Watoto hupoa."

"Anajua baba yake amemdanganya. Na hakumdanganya."

"Basi mwambie Janice kimyakimya! Kuna ulazima gani wa ubao? Ukijiandika, nani atapiga kengele? Mimi? Nimeandikwa mara mbili. Phil? Mara nne. Nitajie mtu mmoja anayeujua mlango huu ambaye jina lake ni safi. Hayupo! Saa sita itafika, kengele haitalia, na Dimock atacheza barabarani bila suruali. Miaka mia mbili arobaini na sita, Bi Lovina. Kwa gudulia moja."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Mwaka 1777 askari walibeba masufuria yote, na mjane aliyekuwa na nyumba akachemsha mahindi katika ndoo ya farasi ili mlango usifungwe. Mwaka 1888 theluji ilifunika milango, kengele ikapigwa kutoka dirisha la juu. Serikali ilipopiga marufuku pombe nchi nzima, Mzee Asa aliuza chai, supu na juisi tamu miaka kumi na mitatu bila tone la kileo, na kengele ikalia kila mchana. Wote hao walikuwa wamempa Bi Lovina kitu mkononi, na mkono wake ndio uliokuwa karibu kukiangusha.

Lakini alijiuliza pia swali la pili: kitu gani hasa walichompa? Kama ni kengele tu, mtoto anaweza kuipiga. Kila jina lililowahi kuandikwa pale, la maskini na la mwenyekiti, liliandikwa kwa sababu watu waliamini kwamba ubao hauchagui. Mwenye nyumba akijisamehe gizani, kesho atamwandika nani mchana? Nyumba ingebaki wazi, lakini ingekuwa imeshafungwa.

Aliinuka, akachukua chaki, na chini ya jina la Orrin akaandika kwa herufi kubwa: LOVINA THRALL. Kisha akavua aproni, akaitundika juu ya kaunta.

"Sasa utafanya nini?" Kozlowski aliuliza.

"Nakwenda kutafuta mtu msafi."

Mtu ambaye hajawahi kuandikwa katika baa ni yule ambaye hajawahi kuingia baa. Watu hao wote, saa ile, walikuwa mahali pamoja: katika kanisa jeupe ng'ambo ya uwanja, na ibada ilikuwa inakwisha.

Kiongozi wao alikuwa Bi Eunice Wadhams, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa, mnyofu kama mshumaa. Mara tatu alikuwa amezungusha karatasi za sahihi ili Farasi wa Kijivu ifungwe. Miaka ishirini na mmoja yeye na Bi Lovina walipishana uwanjani bila kuzidisha neno la salamu.

Milango ya kanisa ilipofunguliwa, Bi Lovina alikuwa amesimama chini ya ngazi, kichwa wazi katika upepo. Alimwona Janice Beckley katikati ya watu, akaanza naye.

"Janice, baba yako hakuvunja ahadi yake. Mimi ndiye nilimmiminia. Juisi ilikuwa imechacha, nami sikuonja. Amekudanganya ili anilinde."

Watu walisimama kwenye ngazi.

"Nimejiandika ubaoni," Bi Lovina aliendelea, sasa akimtazama Bi Eunice. "Siku saba sitagusa kengele. Namtafuta mtu ambaye jina lake halijaandikwa kamwe. Zimebaki dakika kumi na tano. Najua mnachokifikiria juu ya nyumba yangu. Naomba hata hivyo."

Bi Eunice alishuka ngazi moja moja, akishika ukuta, mpaka akawa uso kwa uso naye.

"Lovina Thrall," alisema, "miaka thelathini nimemwomba Mungu aufunge mlango ule."

"Najua, Bi Eunice."

"Na leo nimebakiza kukaa kimya robo saa tu, nijibiwe."

"Najua hilo pia."

Bibi kizee alianza kuvua glavu zake, kidole kimoja baada ya kingine. "Watu wa huko baani wanasema kweli hivi hivi, bila kulazimishwa?"

"Si mara nyingi."

"Hata humu kanisani si mara nyingi." Alizitia glavu mkobani. "Nyumba inayosema kweli juu yake yenyewe sitaifunga mimi. Ila nikuambie mapema: sheria yenu inataka mlango wazi, moto, na kitu cha moto. Haisemi watu walewe. Wiki hii ni chai na supu. Nani atanifunga aproni?"

Walivuka uwanja kama maandamano, kanisa zima na kofia zake, na Kozlowski akawaona kutoka barazani akadhani wanakuja kuibomoa nyumba. Saa sita kamili Bi Eunice aliishika kengele kwa mikono miwili, maana ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Ilisikika mpaka nyumbani kwa Orrin.

Wiki hiyo bado inasimuliwa Wexcombe. Kina mama wa kanisa walipeana zamu. Walioka maharage na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, pai za maboga, na walifuta meza mpaka wazee wakalalamika kwamba mikono inateleza. Bi Lovina alikaa kwenye benchi la wageni kama mteja, mikono mapajani, haruhusiwi hata kusogeza kuni, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu kubwa zaidi.

"Supu inaungua, Bi Eunice."

"Nyamaza, mtuhumiwa."

Watu ambao hawakuwa wameingia mle miaka kumi waliingia. Phil, aliyeandikwa mara nne, alikunywa chai vikombe sita akaapa kwamba amelewa.

Jumanne, saa sita kasoro kidogo, gari la Roscoe Dimock liliegeshwa ng'ambo ya barabara. Habari zilikuwa zimemfikia. Alishuka na kamera shingoni ili apige picha ya mlango uliofungwa. Alichokutana nacho ni kengele ikilia karibu na sikio lake.

"Vua kofia, Roscoe," alisema Bi Eunice. "Nilikufundisha darasa la Jumapili miaka mitatu, na amri ya kumi hukuishika hata mara moja. Usitamani nyumba ya jirani yako. Ingia ule."

Dimock aliingia. Alikula mabakuli mawili. Akiwa anaondoka alisimama mbele ya ubao, akalisoma jina la chini muda mrefu, halafu akamgeukia Bi Lovina kwenye benchi.

"Dada, ningekuwa mimi, ningeimwaga."

"Najua, Roscoe. Ndiyo maana baa yako ni ya pili."

Hata yeye alicheka, ingawa wa mwisho.

Jumapili iliyofuata watu hawakutosha ndani. Wengine walisimama barazani na wengine uwanjani. Aliyeandikwa hajifuti, na kila mmoja alijiuliza nani atamfuta Bi Lovina. Saa sita kasoro dakika tano umati ulifunguka njia. Orrin Beckley aliingia, kovu jekundu usoni, ameshikwa mkono wa kulia na Janice na wa kushoto na kisichana cha miaka minne kilichokuwa kinatazama kila kitu.

"Huyu ndiye aliyekupa dawa mbaya, babu?" kisichana kiliuliza kwa sauti kubwa.

"Ndiye. Na ndiye aliyesema."

Orrin aliukaribia ubao. Kwa mkono wa koti lake alilifuta jina la Bi Lovina, herufi kwa herufi, mpaka mahali pake pakawa peusi. Jina lake mwenyewe, lililokuwa juu, hakuligusa. "Hili liacheni," alisema. "Bado lina miezi kumi."

Bi Eunice alivua aproni, akamfunga Bi Lovina kiunoni mwenyewe, mafundo mawili, kwa nguvu kama anayemfunga mtoto wa shule. Bi Lovina alitoka barazani na kupiga mara tatu, na kelele zilizopanda kutoka uwanjani ziliwafanya njiwa waruke kwenye mnara wa kanisa.

Aliporudi ndani hakwenda kwanza kwenye kaunta. Aliteremka ghalani, akapanda na gudulia jipya lenye baridi, akalifungua mbele ya watu wote. Alimimina kidogo kwenye kijiko. Alikitazama kijiko kile jinsi mtu anavyoutazama mto anaotakiwa kuuvuka. Miaka arobaini na tisa ya kiapo ilikuwa kwenye kijiko kile, na kila mtu mle ndani alijua.

Alikitia mdomoni, akaonja, kisha akatema kwenye majivu ya meko.

"Tamu," alisema. Akachukua kikombe cha bati, akakijaza mpaka juu, akamsogezea Orrin.